Sharo Milionea: Sharobaro Aliyekosa Kufika Home

Kama ulikuwa Nakuru enzi za DVD za vichekesho vya Bongo, zile za kuuzwa karibu na stage, huyu jamaa unamjua. Jinzi za kubana, mwendo wa kudunda, Kiswahili cha madoido. Jina la kitambulisho lilikuwa Hussein Mkiety. Home yake ni Lusanga, Muheza, kule Tanga.

Kwa TV na kwa filamu alicheza mtu mmoja tu: sharobaro, yule msee mwenye huvaa kama tajiri na mfukoni hana hata ya matatu. Kila mtaa uko naye. Ukimcheka Sharo ulikuwa unacheka beshte yako, na siku zingine wewe mwenyewe. Mimi naona alikuwa moto zaidi akiwa na King Majuto, msanii mwingine wa Tanga. Mzee wa kijijini na kijana wa mapozi, hakuna anayemwelewa mwenzake, na hapo mbavu zinaisha. Sharo aliingia pia studio, akatoa Chuki Bure na Dully Sykes.

Mwaka wa 2012 Bongo ilikuwa bado inamlilia Steven Kanumba, aliyekufa Aprili. Halafu 26 Novemba, mida ya saa mbili usiku, Sharo akiwa kwa Toyota Harrier akitoka Dar kwenda home, gari ikamshinda na kupinduka hapo Muheza. Akafa papo hapo. Miaka 27.

Chenye kilifuata ndio huniuma. Kabla mwili utolewe, watu walikuwa washachukua simu, nguo, mpaka betri na redio ya gari. Manze, msee ameigiza utajiri maisha yake yote, kisha anaibiwa kama milionea wa ukweli, tena na watu wa kwao.

Na sisi wa Nakuru tusijifanye watakatifu. Trela ikianguka Salgaa, kuna wenye hukimbia kuokoa na kuna wenye hukimbilia mzigo. Sachang'wan 2009, tanka ilianguka, watu wakaenda na mitungi kuchota petroli, moto ukaua zaidi ya 100.

Kule Muheza viongozi waliomba vitu virudishwe, na vingine vikarudi. Sharo akazikwa Lusanga tarehe 28, umati ukiwa umejaa kijiji. Majuto alibaki akichekesha bila yeye hadi 2018, naye akaenda.