Jochen Rindt: Bingwa wa dunia aliyetwaa taji akiwa kaburini

Kwenye soka timu inaweza kutangazwa bingwa ikiwa imelala hotelini, kwa sababu tu mpinzani wake wa karibu amedondosha pointi kwenye uwanja mwingine. Mashabiki wameshazoea hesabu hizo. Lakini Oktoba 4, 1970, hesabu za aina hiyo zilimpa ubingwa wa dunia wa mbio za magari ya Formula 1, yaani langalanga, mtu ambaye alikuwa ameshazikwa zaidi ya wiki tatu. Jina lake ni Jochen Rindt. Mpaka leo hajatokea mwingine.

Kilichomuua si mwendo peke yake. Kwenye kiti chake kulikuwa na mkanda mmoja ambao hakuufunga. Ndiyo maana stori yake inawagusa hata watu ambao hawajawahi kuangalia langalanga: shabiki wa Karagwe au Kyerwa anayebanana kwenye gari la kukodi kutoka Kayanga, Omurushaka au Nkwenda kwenda Kaitaba, Bukoba, kuangalia mechi, na kijana mwenye gari dogo la mtumba anayetamani kulifungia siti za mbio na mikanda ya mabegani kama ile anayoiona kwenye video za rally.

YATIMA WA VITA

Rindt alizaliwa Aprili 18, 1942 mjini Mainz, Ujerumani, vita ya pili ya dunia ikiwa imepamba moto. Baba yake alikuwa Mjerumani mwenye kinu cha kusaga viungo, mama yake alitoka Austria. Kabla mtoto hajafikisha mwaka mmoja na nusu, wazazi wote wawili waliuawa Hamburg, mji huo uliposhambuliwa kwa mabomu Julai 1943. Akachukuliwa na babu na bibi mzaa mama, akalelewa Graz, Austria. Pasipoti yake ilibaki ya Ujerumani maisha yake yote, ila leseni ya mbio alikata Austria, na Waaustria wakamhesabu kuwa wao.

Shuleni alikuwa msumbufu. Barabarani alikuwa msumbufu zaidi. Pesa za urithi wa familia zilimsaidia kununua magari ya kuanzia, lakini jina alilitengeneza mwenyewe. Mwaka 1964 alikwenda Crystal Palace, London, kwenye mbio za Formula 2, hakuna aliyemfahamu, akamshinda Graham Hill ambaye tayari alikuwa bingwa wa dunia. Ni kama timu ya daraja la pili ije Kwa Mkapa na kuondoka na pointi tatu. Mwaka uliofuata yeye na Mmarekani Masten Gregory walishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, wakiwa na Ferrari.

Ila kwenye Formula 1 mambo yalikuwa magumu. Alianza mwaka 1964, akahamia Cooper, akaenda Brabham, na miaka ikapita bila ushindi hata mmoja. Wote walikubali kwamba jamaa ana mwendo wa hatari, tatizo lilikuwa gari.

LOTUS NA WASIWASI

Mwaka 1969 alisaini Lotus, timu ya Muingereza Colin Chapman. Chapman alikuwa fundi wa kiwango cha juu, na alitaka magari mepesi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Wepesi ulileta mwendo, ila pia ulileta vyuma vinavyokatika. Jim Clark, staa mkubwa wa timu hiyo, alikuwa amefariki Hockenheim mwaka 1968 akiendesha Lotus.

Rindt alionja mapema. Barcelona, Mei 1969, bawa la nyuma la gari lake lilivunjika akiwa kwenye mwendo mkali, gari likaruka na kugonga. Alitoka na majeraha ya kichwa na uso. Baada ya hapo alipinga hadharani yale mabawa marefu ya juu ya magari.

Oktoba mwaka huohuo, Watkins Glen, Marekani, alipata ushindi wake wa kwanza wa Formula 1. Siku hiyohiyo mwenzake wa Lotus, Graham Hill, aliserereka na gari likazima. Akashuka kulisukuma ili liwake, akarudi ndani na kuendelea bila kufunga mikanda, kwa sababu mtu mmoja peke yake hawezi kuifunga vizuri. Muda mfupi baadaye tairi likaisha upepo, gari likapinduka, Hill akarushwa nje na kuvunjika miguu yote miwili. Kwenye mbio moja Rindt alipata kombe, na mwenzake akaonyesha mkanda usiofungwa unafanya nini.

MSIMU WA MOTO

Msimu wa 1970 ulikuwa wake. Monaco, Mei 10, alianza nafasi ya nane. Mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho, Jack Brabham aliyekuwa anaongoza akateleza, na Rindt akapita. Goli la dakika ya 90 halina utamu zaidi ya ule.

Kisha likaja gari jipya, Lotus 72, lenye umbo la kabari. Rindt akashinda Uholanzi, Ufaransa, Uingereza na Ujerumani, mbio nne mfululizo. Uingereza Brabham aliishiwa mafuta mzunguko wa mwisho, Rindt akapita tena. Baadaye wasimamizi wakamnyang'anya ushindi wakidai bawa lake halikuwa na kipimo sahihi, kisha wakamrudishia. Hata langalanga ina kesi za mezani.

Lakini Uholanzi, Juni 21, hakukuwa na shangwe. Rafiki yake Piers Courage alipata ajali, gari likashika moto, akafia humo. Rindt alipanda kupokea zawadi akiwa amevunjika moyo.

Hapa ndipo pa kuelewa uamuzi wake wa baadaye. Magari yale yalibeba mafuta mengi pembeni mwa dereva. Aliyegonga alikuwa na hofu kubwa kuliko ya kuumia, nayo ni kubanwa ndani ya moto. Jirani na rafiki yake, Jackie Stewart, alikwama kwenye gari lililolowa mafuta huko Spa mwaka 1966, na tangu hapo akawa mpiganaji mkubwa wa usalama. Stewart alihitimisha kwamba mikanda yote ifungwe. Rindt alifunga ya mabegani na ya kiunoni, akaacha ile ya kupita katikati ya mapaja, ili moto ukitokea aweze kuchomoka haraka. Haikuwa kiburi. Alipiga hesabu kutokana na alichokiona, na hesabu ikawa na kosa.

MONZA, SEPTEMBA 5

Jumamosi ya mazoezi kule Monza, Italia, Rindt alikuwa na pointi 45 na wote waliomfuata walikuwa mbali. Ili gari likimbie zaidi kwenye maeneo marefu yaliyonyooka, timu ilitoa mabawa. Akikaribia kona ya Parabolica alikanyaga breki, shafti ya breki ya mbele kulia ikakatika, gari likavuta kushoto na kuingia kwenye kingo za chuma ambazo hazikufungwa vizuri.

Gari halikushika moto. Kile alichojiandaa nacho hakikuja. Mwili ukateleza kwenda mbele na chini, ukapita chini ya mkanda wa kiunoni, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuushikilia katikati ya mapaja. Kifungio cha mikanda kikafika shingoni. Alifariki akiwa na miaka 28, akaacha mke, Nina, na binti mdogo. Mahakama ya Italia baadaye ilieleza kwamba breki ndiyo iliyoanzisha ajali, ila kingo za barabara ndizo zilizosababisha kifo.

Zilibaki mbio tatu baada ya Monza. Jacky Ickx wa Ubelgiji, dereva wa Ferrari, alikuwa na pointi 19, na ushindi mmoja ulikuwa pointi 9. Akishinda zote tatu anafika 46 na kombe ni lake. Alishinda Canada. Watkins Glen akamaliza wa nne, na aliyeshinda ni kijana wa Brazil mwenye miaka 23, Emerson Fittipaldi, akiendesha Lotus ya timu ya Rindt. Kombe likafungwa hapo, na mwishowe Nina ndiye aliyelipokea.

Ickx huyo ana stori yake. Le Mans ya 1969 madereva walikuwa bado wanakimbia kwa miguu kuvuka barabara, wanarukia magari na kuondoka, wengi bila kufunga mikanda. Ickx aligoma kukimbia. Alitembea taratibu, akakaa, akafunga mikanda yake yote, akaondoka wa mwisho. Mzunguko wa kwanza tu, dereva mmoja ambaye hakufunga alipata ajali akafa. Saa 24 baadaye Ickx, akipokezana na mwenzake Jackie Oliver, alishinda. Mwaka uliofuata utaratibu ule wa kukimbilia magari ukafutwa.

SITI, MIKANDA NA GARI LA MTAANI

Afrika Mashariki mbio si kitu kigeni. Bert Shankland wa Tanzania alishinda East African Safari mwaka 1966 na 1967 na Peugeot 404. Kwa hiyo kijana wa Kayanga kutamani gari lenye sura ya rally ni jambo la kawaida. Swali ni anunue nini, na Rindt ndiye mwalimu wa swali hilo.

La kwanza, mikanda ya mbio ni seti. Miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni, na mmoja au miwili ya mapajani. Ile ya mabegani ikikaza huvuta kifungio kwenda juu, kutoka kwenye mfupa wa nyonga mpaka tumboni. Ule wa mapajani ndio unaokirudisha chini. Mwenye kununua seti ya pointi nne kwa sababu ni bei rahisi anaweza kuwa amenunua kile alichofunga Rindt siku ile Monza.

La pili, mikanda hiyo inataka siti yake. Siti ya mbio ina matundu ya kupitisha mikanda ya mabegani na tundu la mbele la mkanda wa mapajani. Siti iliyokuja na gari haina. Siti mpya nayo ifungwe kwenye stendi imara, bolti ziwe na bamba nene la chuma upande wa chini. Bati la sakafu peke yake linachanika.

La tatu, mikanda ya mabegani inyooke kwenda nyuma, au ishuke kidogo tu. Fundi akiivuta mpaka sakafuni nyuma ya siti, gari likigonga itakandamiza uti wa mgongo. Ili inyooke panahitajika bomba la chuma nyuma ya siti, na hapo ndipo unapokuja umuhimu wa kizimba cha mabomba ndani ya gari. Bila kizimba, gari likipinduka na paa likibonyea, aliyefungwa mabegani kote kuwili hawezi kuinama. Anakaa wima kama nguzo na paa linamshukia.

La nne ni shingo. Mwili ukibanwa kabisa, kichwa ndicho kinachobaki kurushwa. Ndiyo maana madereva wa leo wanavaa kifaa cha kuunganisha kofia na mabega. Mtu anayekwenda sokoni Omurushaka hawezi kuvaa hayo yote, wala hawezi kuinama kuchungulia bodaboda inayotokea kwenye kona akiwa amekazwa hivyo.

Kwa gari la mtaani, basi, jibu ni rahisi na halina gharama. Kuna mkanda wa pointi tatu uliobuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, mtu aliyetoka kutengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Unafungwa kwa mkono mmoja, unafanya kazi pamoja na siti iliyokuja na gari, na kama gari lina mifuko ya hewa, imepangwa kwa kuutegemea. Anayetaka mbio afunge seti nzima pamoja na kizimba, akabaki na huo wa pointi tatu kwa safari za kawaida. Na asinunue mikanda ya mbio ya mtumba kwa macho tu. Lebo ya FIA ina tarehe ya mwisho wa matumizi, jua na vumbi vinaila taratibu, na iliyopitia ajali ni ya kutupa.

Kwa shabiki wa kawaida hesabu ni fupi zaidi. Lami ya Kyaka hadi Bugene ni nzuri, na lami nzuri inamshawishi dereva akanyage. Siku ya mechi gari linajaa, watu wana haraka ya kuwahi Kaitaba, na mkanda wa siti ya nyuma unakuwa umezama chini ya kiti miaka yote. Kuuvuta juu hakuchukui hata muda wa refa kuangalia saa.

Rindt alianza mbio 60 za Formula 1, akashinda 6. Amezikwa Graz, mji uliomlea. Kwenye orodha ya mabingwa wa dunia mwaka 1970 una jina lake, pointi 45, tano mbele ya Ickx, mtu aliyetembea taratibu mpaka kwenye gari lake na kufunga mikanda yote.