Padre François Libermann: Mgonjwa Aliyewatuliza Wenye Wahka

Kila tarehe 2 Februari, tunapobeba mishumaa katika Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, sisi tunaosali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Mji Mkongwe, tuna sababu ya kumkumbuka mtu ambaye hakuwahi kuikanyaga Unguja. Kanisa letu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, lilijengwa na Wamisionari wa Roho Mtakatifu kati ya mwaka 1893 na 1898. Shirika lao humheshimu Padre François Libermann kama mwanzilishi wake wa pili. Leo tunapenda kumtazama kwa upande usiosemwa sana: alikuwa mgonjwa, na aliifahamu hofu kutoka ndani.

Libermann alizaliwa tarehe 12 Aprili 1802 katika mji wa Saverne, jimbo la Alsace, Ufaransa. Baba yake alikuwa rabi mwenye msimamo mkali, naye alitarajia mwanawe afuate nyayo zake. Mtoto huyo alikuwa dhaifu wa afya na mwenye woga, na mama yake alifariki kabla hajakua. Alipopelekwa Metz kwa masomo, imani ya nyumbani ikaanza kufifia moyoni mwake. Mwaka 1826, akiwa mpweke chumbani katika Chuo cha Stanislas mjini Paris, alimlilia Mungu wa babu zake amwonyeshe njia. Mkesha wa Noeli mwaka huohuo akabatizwa.

Aliingia seminari ya Saint-Sulpice akiwa na furaha kubwa. Lakini mwaka 1829, alipokuwa akikaribia kupewa ushemasi mdogo, kifafa kilimwangusha. Kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule, mlango wa upadre ukafungwa mbele yake. Wakubwa wake hawakumfukuza. Walimpa kazi ndogondogo katika nyumba ya seminari huko Issy. Huko alikaa miaka mingi akiwaona wenzake wakipadrishwa, naye akibaki palepale.

Waliomwona walisimulia juu ya utulivu wake. Wachache tu walijua gharama yake. Baadaye ilifahamika kwamba kwa miaka mingi maisha yalikuwa mzigo kwake, na kwamba mawazo ya kukata tamaa yalimjia hata alipokuwa akivuka madaraja ya Paris. Hatuthubutu kumpa marehemu jina la ugonjwa ambalo madaktari wa leo wangelitumia. Tunasema tu kwamba mtu huyo mwenye sala nyingi hakukosa giza moyoni, wala giza hilo halikuwa ushahidi wa imani haba.

Je, alifanya nini? Kwanza, hakuuficha ugonjwa wake. Alimwandikia wazi kaka yake Samson, aliyekuwa daktari, na kuwaomba jamaa wasimhuzunikie. Pili, alijifunza kutojipiga vita. Katika barua nyingi alizowaandikia waseminari na walei waliotaabika, aliwashauri wasishindane na kila wazo linalowatisha, wasijilazimishe kuhisi ibada, wala wasijikasirikie kwa udhaifu wao. Waupokee kwa upole, warudi kwa Mungu taratibu, kisha waendelee na wajibu wa siku hiyo. Mwenye mashaka ya dhamiri, anayerudia maungamo yaleyale kwa hofu, alimwelekeza kuamini huruma kuliko hesabu zake mwenyewe.

Mwaka 1839, akiwa mlezi wa wanovisi huko Rennes na katika kipindi kigumu sana cha roho, aliitikia mwaliko wa waseminari waliotaka kuwatumikia watumwa na watu waliokombolewa utumwani. Mmoja wao alikuwa Frédéric Le Vavasseur, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion. Libermann alikwenda Roma bila cheo wala fedha, akasubiri. Kifafa kilitulia, na tarehe 18 Septemba 1841 akapadrishwa huko Amiens. Mwaka 1848 jumuiya yake iliungana na Shirika la Roho Mtakatifu, naye akaliongoza hadi kifo chake.

Kupitia Réunion mbegu hiyo ilifika kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1860 mapadre kutoka kisiwa hicho walitia nanga Zanzibar pamoja na Mabinti wa Maria, shirika la masista ambalo Le Vavasseur alishiriki kuliasisi. Walifungua hospitali mjini, wakawapokea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1863 Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu waliichukua kazi hiyo. Mtoto aliyenyang'anywa wazazi na kuuzwa sokoni hawezi kutulizwa kwa hotuba. Anahitaji chakula cha uhakika, mahali pa kulala, kazi za kila siku, na mtu mzima asiyegeuka.

Wapendwa, hata leo tunawaona parokiani watu ambao mioyo huwadunda bila sababu, usingizi huwakimbia, na hofu huwazuia kupanda daladala au kuingia kanisani penye umati. Wengine huambiwa kwamba hawasali vya kutosha. Tunawasihi: msiwaambie hivyo. Wahka ukidumu na kumzuia mtu kuishi, ni maradhi yenye tiba. Wataalamu humsaidia mgonjwa kuyapima mawazo yake na kukikabili anachokiogopa hatua kwa hatua. Penye haja, daktari huongeza dawa, nazo zisiachwe ghafla bila ushauri wake. Hapa Unguja ipo hospitali ya afya ya akili Kidongo Chekundu. Kwenda huko si aibu, na mawazo ya kujidhuru yakimjia mtu, asiachwe peke yake, wala msaada usingoje kesho.

Kwa watoto, hofu huvaa sura nyingine: tumbo linalouma kila asubuhi ya shule, kung'ang'ania upindo wa kanga ya mama, kilio cha usiku. Bakora na dhihaka huizidisha. Lakini kumwondolea mtoto kila kinachomtisha nako huikuza. Mzazi amsikilize, amshike mkono, amsogeze kidogo kidogo, na kila hatua aipongeze. Hali isipobadilika, ampeleke kwa mtaalamu.

Padre Libermann alifariki mjini Paris tarehe 2 Februari 1852, na mwaka 1910 Papa Pius X alithibitisha kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa. Ushujaa huo haukuwa wa mtu asiyeogopa. Tunapowasha mishumaa yetu chini ya minara ile miwili, tuwaombee wanaotetemeka gizani, kisha tukitoka tuwasindikize hadi mlangoni kwa daktari.