Camillo Golgi na Wavu Uliotiliwa Shaka

Camillo Golgi alizaliwa tarehe 7 Julai 1843 katika kijiji cha Corteno, kaskazini mwa Italia, akiwa mwana wa daktari. Alihitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Pavia mwaka wa 1865. Kwa sababu ya ukata, mwaka wa 1872 aliuacha mji huo wa wasomi, akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa maradhi sugu huko Abbiategrasso. Hapakuwa na maabara. Golgi aligeuza jikoni kuwa mahali pa utafiti, na mwaka wa 1873 akatangaza njia ya kuzitia seli za neva weusi kwa chumvi ya fedha.

Kwa njia hiyo seli ya neva ilionekana nzima pamoja na matawi yake. Hata hivyo, Golgi alishikilia kwamba neva zote zimeungana zikawa wavu mmoja. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, akitumia mbinu iyo hiyo, alionyesha kwamba kila seli hujitegemea. Mwaka wa 1906 walituzwa Nobeli kwa pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake kumpinga mwenzake. Katika hilo alikosea.

Miaka minane kabla ya tuzo hiyo, yaani 1898, alikuwa ameona wavu mwingine, mdogo mno, ndani ya seli za ubongo wa bundi. Wataalamu wengi walidai kwamba lile lilikuwa doa tu lililoachwa na kemikali. Golgi alifariki Pavia tarehe 21 Januari 1926 ubishi ungali mkali. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyoukata katika miaka ya 1950.

Leo yajulikana kwamba kifaa cha Golgi hufanya kazi mfano wa posta. Protini hufikishwa humo katika vifuko vidogo, hurekebishwa, hutiwa alama, kisha hupangwa: nyingine hutolewa nje ya seli, nyingine hupelekwa kwenye utando wake, na nyingine kwenye vifuko vya kumeng'enya taka. Vimeng'enya vikikosa alama hupotea njia, taka zikarundikana, na mtoto akaugua.

Wahenga walisema kuwa asiyekuwepo na lake halipo. Golgi hakuwepo hoja ilipoamuliwa, ila lake lilikuwepo, na lingali na jina lake.