Raphael Lemkin, Mtu Aliyelipatia Kosa Kubwa Jina Lake

Katika somo la historia tulijifunza kwamba mwaka 1945 makambi ya Wanazi yalifunguliwa. Askari wa Urusi ya Kisovieti waliingia Auschwitz tarehe 27 Januari, Waingereza Bergen-Belsen tarehe 15 Aprili, Wamarekani Dachau tarehe 29 Aprili. Walikuta maiti nyingi, na watu waliobaki ngozi na mifupa tu. Sisi tukajiuliza: wenye kosa wangehukumiwa kwa sheria gani? Ndiyo sababu leo tunaeleza maisha ya Raphael Lemkin.

Alizaliwa tarehe 24 Juni 1900 karibu na mji wa Volkovysk, katika inchi inayoitwa leo Belarusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, wakulima, na mama yake ndiye alimfundisha nyumbani. Mwaka 1921 kijana mmoja Mwarmenia alimpiga risasi Talaat Pasha huko Berlin, yule mkubwa wa Uturuki aliyeongoza mauaji ya Waarmenia tangu 1915. Lemkin, aliyekuwa anasoma, aliuliza mwalimu wake juu ya nini Talaat mwenyewe hakukamatwa. Mwalimu akamjibu kwamba serikali na watu wake ni kama mfugaji na kuku zake: akiwachinja, jirani hana neno. Lile jibu halikumtoka moyoni.

Akawa mwanasheria huko Warszawa. Mwaka 1933 alipeleka shauri kwenye mkutano wa wanasheria Madrid, ili kuangamiza kabila ao dini kuwe kosa mbele ya mataifa yote. Halikukubaliwa. Mwaka 1939 Ujerumani ikashambulia Poland. Lemkin akakimbia mpaka Uswidi, na mwaka 1941 akafika Marekani. Baba na mama walibaki.

Kule Uswidi alikuwa amekusanya amri za Wajerumani katika inchi walizoteka. Kwa hizo akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1944, na ndani yake akaunda neno jipya: jenosidi. Sehemu ya kwanza ni Kigiriki, maana yake kabila. Ya pili ni Kilatini, maana yake kuua. Kwa Kiswahili tunasema mauaji ya kimbari.

Kesi ya wakubwa wa Wanazi ilianza Nuremberg tarehe 20 Novemba 1945. Filamu ya makambi ilionyeshwa mbele ya waamuzi. Neno la Lemkin liliandikwa katika mashitaka, lakini katika hukumu ya 1946 halikuonekana. Tena waamuzi walihukumu tu matendo yaliyofungamana na vita. Mateso ya Wayahudi kabla ya 1939 yaliachwa. Na kumbe ndugu zake 49 walikuwa wamekufa, pamoja na baba na mama.

Hakukaa kulia tu. Alikwenda ONU, akawafuata wajumbe mmoja mmoja, akawaandikia barua usiku na mchana. Tarehe 9 Desemba 1948, huko Paris, ONU ikakubali mapatano ya kukataza jenosidi, wakati wa vita ao wa amani. Yakaanza kutumika mwaka 1951. Inchi yetu ya Kongo iliyaingia mwaka 1962.

Lemkin alikufa New York tarehe 28 Agosti 1959, maskini, na watu wachache tu walimzika. Hakuona matunda. Tarehe 2 Septemba 1998, tribinali ya ONU huko Arusha ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkubwa wa komini ya Taba, kwa jirani zetu wa Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza tribinali ya mataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la jenosidi.

Ni kweli, sheria haikuzuia wale watu wa Rwanda kuuawa mwaka 1994. Lakini tangu Lemkin, serikali haiwezi tena kusema mbele ya waamuzi kwamba watu wake ni kuku zake. Mwenzetu anayefikiri kwamba mtu asiye na cheo hawezi kitu, amkumbuke huyu.