Salme, binti aliyebisha hodi kwao

Wapendwa, sisi tuliotoka Gitega na Muyinga tunajua uchungu wa kutengana na ndugu. Tumkumbuke Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Mwaka 1859, akiwa yatima, alimsaidia kaka yake Barghash kumwasi kaka yao Majid aliyetawala. Uasi ukashindwa. Majid alimsamehe, wakapatana. Lakini upatano huo ulimchukiza Barghash.

Mwaka 1866 alipata mimba ya Mjerumani, Heinrich Ruete, akatoroka. Mwaka 1867 huko Aden alibatizwa jina la Emily, wakafunga ndoa. Mwaka 1870 Heinrich alifariki Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo.

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja kutafuta upatano na urithi wake. Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alikataa kumwona. Aliporudi tena mwaka 1888, Barghash alikuwa amekwisha kufa. Salme alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924, akazikwa na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja.

Wapendwa, mchanga haujibu salamu. Ndugu akibisha hodi, tumfungulie angali hai.