Joseph Conrad, baharia aliyefika Stanley Falls

Wengi katika kitivo wanamjua Joseph Conrad kwa sababu ya mtihani. Ni hasara, maana yeye mwenyewe alianza kupenda vitabu nje ya darasa, kwa kukosa mtoto wa kucheza naye.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 huko Berdychiv, katika Ukraine ya leo, wakati huo chini ya Urusi. Wazazi wake walikuwa Wapoland. Baba, Apollo Korzeniowski, alikuwa mshairi na mfasiri. Mwaka 1862 Warusi walimpeleka uhamishoni kwa ajili ya siasa, pamoja na mke na mtoto. Mama akafa 1865. Mtoto akabaki na baba mgonjwa na karatasi za tafsiri zake: Shakespeare, Victor Hugo. Akazisoma zote alizozifikia. Baba naye akafa 1869. Mjomba akamlea, na mwaka 1874 kijana akaenda Marseille kutafuta kazi ya bahari. Kiingereza kilikuja baadaye, baada ya Kipolandi na Kifaransa.

Mwaka 1890 aliajiriwa na kampuni ya Wabelgiji. Matadi alikutana na Roger Casement, kisha akatembea kwa miguu hadi Kinshasa, maana reli haikuwepo bado. Tarehe 1 Septemba meli ya mvuke Roi des Belges ilimfikisha Stanley Falls, yaani hapa kwetu Kisangani. Alikaa siku chache tu. Kapteni aliugua, Conrad akashika usukani kwa muda wakati wa kurudi, na wakala mmoja wa kampuni, Klein, akafia njiani. Katika mswada wa kwanza wa Heart of Darkness jina ni Klein. Baadaye likawa Kurtz. Kwa Kijerumani la kwanza ni mdogo, la pili mfupi. Wanaisimu watacheka.

Riwaya ilitoka gazetini 1899, na katika kitabu 1902. Mtu wa Mangobo akiisoma Jumapili mchana, kazi zimekwisha, atautafuta mji wake bila kuupata: mto hauna jina, kituo hakina jina, na Waafrika karibu hawasemi kitu. Lakini Falls ya 1890 ilikuwa na maneno mengi. Tippu Tip alikuwa amefanywa gavana wake na Leopold II tangu 1887, na Kiswahili kilisikika pale kila siku. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapwa Ujerumani 1902 na 1903. Vitabu viwili, mahali pamoja, miaka ile ile! Kusoma kimoja bila kingine ni kusikiliza shauri kwa sikio moja.

Chinua Achebe alimshtaki Conrad kwa ubaguzi mwaka 1975. Naona shtaka lina haki. Hata hivyo, Casement alipopigana na utawala wa Leopold, Conrad alimpa barua ya kumuunga mkono, Desemba 1903. Mwaka uliofuata akatoa Nostromo, riwaya ya mapinduzi na mgodi wa fedha katika nchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini. Kwangu hiyo ndiyo bora. Ni ndefu, inadai likizo nzima.

Alikufa Uingereza tarehe 3 Agosti 1924, akazikwa Canterbury. Kwenye jiwe la kaburi, jina lake Teodor limeandikwa Teador.