John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyetia upepo ndani ya gurudumu

Kila asubuhi, Goma, Bukavu ao Butembo, wamotari wanapita kwa kwado kujaza upepo ao kuziba tairi iliyotoboka. Wachache wanajua kama jambo hilo lilianzia ndani ya kiwanja cha nyumba moja mjini Belfast, inchini Ireland, kwa sababu ya baiskeli ya mtoto.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 huko Dreghorn, Scotland, katika jamaa ya wakulima. Alisomea uganga wa wanyama Edinburgh, na mwaka wa 1867 akahamia Ireland. Kazi yake ilikuwa kutibu farasi na ng'ombe. Ufundi wa magurudumu hakuufundishwa na mtu.

Mwaka wa 1887 mtoto wake Johnny alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, iliyomtikisa sana kwenye barabara za mawe. Baba akakata ubao wa duara, akauzungushia mpira mwembamba uliofunikwa kitambaa, akaujaza upepo kwa pampu ya balo. Akausukuma kiwanjani, na kando yake gurudumu la kawaida la ile baiskeli. La kawaida lilianguka njiani. Lenye upepo lilivuka kiwanja chote, likagonga lango.

Alipata hati ya uvumbuzi tarehe 7 Desemba 1888. Mwezi wa Mei 1889, Willie Hume, mwendesha baiskeli asiyetajwa kati ya wakubwa, alishinda mashindano Belfast akiwa na tairi hizo. Mfanyabiashara Harvey du Cros wa Dublin, ambaye watoto wake walishindwa siku ile, alishika njia ya biashara hiyo, na kampuni ikaanzishwa.

Hapo shida ikaingia. Mwaka wa 1890 ilijulikana kama Mscotland mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kuandikisha wazo hilo tangu 1845. Hati ya Dunlop ikapoteza nguvu. Tena, tairi yake ilibandikwa kwa gundi kwenye rimu: ikitoboka, ilibidi kubandua kila kitu. Ingebaki hivyo, kwado wa leo angeshinda siku nzima juu ya gurudumu moja. Mwaka huohuo Charles Kingston Welch alitengeneza tairi yenye waya pembeni, inayotoka na kurudi kwenye rimu. Kampuni ikanunua haki zake. Ndiyo maana leo vyuma viwili vinatosha kufungua tairi ya moto.

Kwetu Congo, habari hii ina upande wa uchungu. Tairi za baiskeli, kisha za gari, ziliongeza sana hamu ya mpira duniani, wakati inchi ilikuwa mikononi mwa Leopold II tangu 1885. Watu walilazimishwa kutafuta mpira msituni. Wanawake walishikwa mateka, wengine walikatwa mikono, vijiji vikachomwa. Utawala wake uliisha 1908. Dunlop hakuwa na mkono katika mambo hayo, lakini mpira huo ulikwenda Ulaya kwa viwanda vilivyokua kutokana na wazo lake.

Yeye mwenyewe hakutajirika sana. Aliiacha kampuni kabla ya karne ya 20, nayo ikabaki na jina lake. Alikufa Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akiwa na miaka 81, akazikwa kwenye makaburi ya Deansgrange.